Rangi na Kutu

Katika kurasa hizi walimu wenzetu wamezoea kuandika habari za kilimo, za malezi ya watoto na za usafi wa nyumba. Leo sisi twataka kuwaeleza kazi ndogo ya mikono, yaani kupaka rangi upya vyuma vya pikipiki nyumbani, pamoja na jambo lililotupata katika kazi hiyo.

Hapa kwetu Puge, karibu katikati ya njia itokayo Tabora kwenda Nzega, twaishi katika nchi ya wapagazi. Mwaka wa 1858 Speke alitoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, akaelekea kaskazini pamoja na wapagazi wake, hata mwezi wa Agosti akaliona Ziwa Nyanza. Siku zile kila mzigo ulikwenda begani au kichwani. Siku hizi mzigo umehamia juu ya pikipiki. Ndiyo ibebayo gunia la mpunga, ndiyo impelekayo mgonjwa zahanati. Tena tangu mwaka wa 2010, serikali ya Tanzania ilipotoa kanuni za leseni za pikipiki za abiria, vijana wengi hula kwa jasho la kazi hiyo.

Sisi nasi tulikuwa na pikipiki, tuliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika na wengine. Ilituchukua shuleni na sokoni miaka kadhaa. Kisha ikatupasa kulipa ada ya mtoto wetu, tukakusudia kuiuza. Kijana mmoja wa usharika wetu akaja, tukapatana bei, akatuachia sehemu ya fedha. Lakini madigadi yalikuwa yameanza kuliwa na kutu, na tangi lilikuwa na mabaka. Tukamwambia, “Tupe juma moja tuipake rangi, usipokee kitu cha aibu kutoka kwa mwalimu wako.”

Basi sikilizeni jinsi kazi ifanywavyo. Kutu huzaliwa chuma kikutanapo na maji na hewa pamoja. Nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huinua rangi iliyo juu yake kama mchwa wainuavyo udongo. Apakaye rangi juu ya kutu amejisumbua bure. Mvua za kwanza zitamwonyesha. Kwanza osha vyuma kwa sabuni, hata mafuta yote yatoke, maana rangi haishiki penye mafuta. Kisha sugua kwa brashi ya waya, ukafuate kwa msasa mkali, halafu kwa msasa laini, mpaka chuma king'ae. Ndipo upake rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ngoja ikauke, ukaisugue kidogo, na mwisho upake rangi uitakayo. Paka mara mbili au tatu, kila mara nyembamba. Rangi nene huteremka kama machozi. Usipake penye nyuzi za skrubu, wala mnyororo, wala mahali breki inaposhika.

Wakati nao una maana. Kiangazi upepo hutuletea vumbi, basi tulinyunyiza maji uani, tukafanya kazi alfajiri kabla upepo haujaamka. Wakati wa mvua unyevu wa hewa huifanya rangi kuwa na ukungu kama maziwa.

Zaidi ya yote, jihadharini na tangi. Mvuke wa petroli ni wa hatari kuliko petroli yenyewe, na tangi lionekanalo tupu laweza kulipuka kwa cheche moja. Limwageni mafuta mbali na jiko. Msichomelee tangi nyumbani kamwe. Jifungeni pua na mdomo, na watoto wakae mbali, maana rangi za zamani nyingine zina risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu kwa watoto; ni heri kusugua kwa msasa uliolowa maji. Tena kadi ya chombo hutaja rangi yake. Sisi tuliirudia rangi nyeusi iliyoandikwa. Abadiliye rangi hana budi kwenda kuandikisha. Namba iliyochongwa katika fremu nayo msiiguse kwa msasa.

Siku ya tatu tulifika chini ya kiti, mahali shokapu ya nyuma inaposhikana na fremu. Msasa ulipopita, rangi ikabanduka kipande kizima, na chini yake palikuwa na puti. Tukaikwangua. Chini ya puti tukaona ufa mwembamba kama unywele, urefu wake kama kucha ya kidole gumba. Ni wazi kwamba mtu mmoja kabla yetu aliuona, akauziba, akauza. Na sisi tulikuwa tumewapakia watoto wetu juu ya ufa ule muda wote huo.

Mzee jirani yetu alikuwa ameketi uani akitazama kazi. Wazee wa Unyamwezi wayajua majembe ya chuma, yale yaliyofuliwa na wahunzi, yakapita njia hizi kwa biashara na kulipiwa mahari. Akachukua spana, akagonga fremu upande mzima, kisha upande wa ufa. “Wasikia, Mwalimu? Huku kunalia, huku kunakohoa.” Akaaga, akaenda zake, wala hakusema neno jingine.

Wasomaji, hatutaki kuwaficha. Siku ile tuliirudisha puti. Tukapaka rangi nyekundu juu yake, na jioni rangi nyeusi. Hesabu ya ada ilikuwa kichwani, nasi tulijiambia kwamba ufa ni mdogo, kwamba pikipiki nyingi hutembea na mabaya zaidi. Wakati wa sala ya jioni tulisoma kwa haraka kuliko desturi, hata mama wa nyumba yetu akauliza kama tuna homa.

Asubuhi kijana akaja kabla ya siku yake. “Mwangaluka, Mwalimu.” Akaizunguka pikipiki, akaisifu rangi, akasema, “Nitakayempakia kwanza ni mama yangu. Ana zamu ya kliniki Jumanne.” Hapo tukashindwa. Habari ya kaburi lililotiwa chokaa nje tumeifundisha watoto wa Jumapili mara nyingi, wala hatukudhani kwamba sisi ndio tutakaoshika brashi. Tukachukua bisibisi, tukaikwangua kazi yetu mbele ya macho yake, tukamwonyesha ufa. Tukamwambia pia kwamba tuliuona jana, tukaufunika.

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, “Mwalimu, na kama nisingalikuja leo?” Hatukuwa na jibu.

Tukamtaka achukue fedha zake. Akakataa, ila akataka fundi aitazame. Tukaipeleka Nzega kwa mchomeleaji. Fundi akatoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, akauchomelea, akaongeza kipande cha bati nene juu yake. Gharama tulilipa sisi, na bei tuliipunguza. Ada haikutimia, tuliuza mbuzi wawili tuliowawekea Krismasi.

Tuliporudi kumalizia rangi, fundi alikuwa ametupa shauri ambalo twawapa nanyi. Mahali palipochomelewa msipake puti wala rangi nene. Pakeni rangi nyembamba, tena nyeupe, ili ufa ukirudi uonekane mara moja. Kwa hiyo pikipiki ile nyeusi ina baka jeupe chini ya kiti. Wengine hulicheka, wakisema mwalimu aliishiwa na rangi.

Sasa kijana yule hupita mbele ya shule yetu kila siku na abiria wake, naye hutupungia mkono. Twakiri kwamba macho yetu hayatazami uso wake kwanza. Hutazama chini ya kiti, kwenye baka lile jeupe, na likiisha kupita salama, ndipo nasi twainua mkono.