Daktari wa Kutibu Nini?

Asubuhi ya leo nataka kukufungulia moyo wangu. Huu ni ushuhuda, lakini kuna mahali ndani yake ambapo niliaibika, na sitakuficha.

Mwaka huu makanisa tunayoshirikiana nayo yaliniomba niongoze kamati ya tuzo. Tuzo yenyewe ni ya programu bora ya udaktari wa huduma, ile shahada wanayosomea wachungaji walio kazini. Programu itakayoshinda ndiko tutakakopeleka wachungaji wetu wawili, na karo yao itatoka kwenye sadaka. Mpendwa, hiyo ni sadaka ya akina mama wanaouza ndizi na maziwa hapa Kanyakine.

Nilijitetea: "Mimi nina diploma ya chuo cha Biblia. Nitawapimaje madaktari?" Askofu wangu akanijibu, "Pasta, wewe ndiwe utakayechungwa na hao watakaorudi." Nikanyamaza.

Faili nne zikaletwa. Siku chache baadaye simu ikalia. Alikuwa mtu wa programu mojawapo. Alinisifu sana, kisha akasema wangependa kunitunuku udaktari wa heshima kwa miaka yangu ya huduma. Hakutaja tuzo hata mara moja. Hakuwa na haja ya kuitaja.

Sikukataa. Nilisema, "Acha niombe juu ya jambo hilo." Unajua tunavyoyatumia maneno hayo wakati tumeshaamua. Usiku huo nililala nikiiona bango la kanisa likiandikwa upya, "Mch. Dkt." mbele ya jina langu. Siku tatu sikuwaambia wanakamati wenzangu. Siku tatu nilisimama mbele zao kama mwenyekiti huku moyo wangu umeshapokea zawadi.

Aliyenivunja ni shosho mmoja wa kanisani. Nilimdokezea kwa mzaha kwamba huenda karibuni nikaitwa daktari. Akafurahi, kisha akauliza kwa upole, "Pasta, utakuwa daktari wa kutibu nini?"

Nilikosa jibu. Nikarudi nyumbani, nikafungua Danieli sura ya 5. Mfalme Belshaza alimwahidi mavazi ya zambarau, mkufu wa dhahabu na cheo. Danieli alimwambia zawadi zake azikalie, lakini maandishi atamsomea. Aliweka zawadi kando kwanza, ndipo akasoma. Mimi nilitaka kusoma faili huku mkufu uko shingoni.

Kesho yake nikaitisha kamati, nikaungama yote, nikajitolea kujiuzulu. Walinikemea, na walikuwa na haki. Kisha wakasema nibaki, lakini faili ile wataipima wao bila mimi. Nilipiga simu, nikaukataa udaktari ule. Wanakamati walipoichunguza faili hiyo, waliona kwamba shahada yenyewe haina idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile iliyoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Ikatoka mezani.

Zikabaki tatu, na swali la shosho likawa kipimo chetu. Nilipoanza kusoma zaidi, nikagundua kwamba wasomi wenyewe wameshindana na swali hilo kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Harvard kilitoa udaktari wa kwanza wa elimu mwaka 1921. Tangu hapo watu wameuliza: huu unatofautianaje na PhD? Mwaka 2007 vyuo kadhaa vya Marekani viliungana katika mradi ulioanzishwa na Taasisi ya Carnegie ili kuutengeneza upya udaktari huo. Nao hutoa tuzo kwa kazi bora za wahitimu, na jambo wanalokazia ni kwamba mwanafunzi aanze na tatizo halisi la kazi yake, alichunguze, ajaribu kulitatua.

Basi tukaomba kila programu itutumie kazi moja ya mhitimu wao. Mbili zilikuwa na jalada zuri na maneno mazito. Ya tatu iliandikwa na mchungaji wa eneo la majani chai. Tatizo lake lilikuwa bonasi. Unajua ilivyo: pesa inaingia Oktoba, baba anapotea siku nne, na Januari mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Mchungaji huyu aliwaita wanandoa kanisani mwezi Septemba, waketi na kupanga matumizi kabla pesa haijaja. Wake walikuja. Waume hawakuja. Aliandika hivyo hivyo, bila kujitetea. Mwaka uliofuata akahamisha mkutano hadi kituo cha kupimia majani, mahali wanaume wako tayari. Wakaja. Si wote; aliandika na walioanguka tena. Nilisoma kurasa hizo nikalia, kwa sababu waume hao nimewazika wengine.

Programu iliyomlea mtu huyo tuliipa tuzo. Ndiyo iliyokuwa na jalada baya kuliko zote.

Kuna gharama. Rafiki yangu wa miaka mingi katika huduma, aliyeunganisha ile simu, hapokei simu zangu hadi leo. Naendelea kumpigia. Niombee.

Mpendwa, sisemi elimu haina maana. Chuo Kikuu cha Pan Africa Christian kilianza mwaka 1978 kama chuo cha Biblia cha Wapentekoste, na hati yake ikaja mwaka 2008. Miaka 30! Kitu cha kweli huvumilia kupimwa. Ukitaka kusoma, soma. Lakini uliza kwanza kama chuo kina idhini, kisha ujiulize swali la shosho.

Na wewe usiye na mpango wa kusoma, swali ni lako pia. Unaitwa mzee wa kanisa, mama kiongozi, mwenyekiti wa chama. Cheo hicho kinamtibu nani? Ukisoma 1 Samweli 16:7 utaona kwamba hata nabii Samweli alikaribia kumpa mtu asiye sahihi kwa kutazama umbo lake. Bwana hutazama moyo.

Tuombe: Baba, tuondolee njaa ya majina makubwa. Tupe kazi ya kuponya mtu mmoja mahali ulipotuweka. Na mahali tulipopokea zawadi moyoni, tupe ujasiri wa kuirudisha mapema. Katika jina la Yesu, Amina.

Barikiwa. Ukiguswa, andika Amina, kisha umtaje mbele za Mungu mtu mmoja utakayemhudumia wiki hii.

Mchungaji wako, Kanyakine.