Desemba na Watoto, sehemu ya 4: Chupa ya taa, na betri unayoiweka ndani yake

Nesi wenu nimerudi.

Leo tupumzike kidogo na mada za homa na kuharisha. Krismasi inakaribia, mfukoni kila mtu anajijua, na zawadi lazima itoke. Mimi mwaka wa tatu sasa zawadi zangu natengeneza mwenyewe: chupa za taa. Ni chupa tupu ya kioo, inasafishwa, inapambwa kwa nje, halafu ndani unaweka uzi wa vitaa vidogo vya LED. Usiku ukiwasha, inang'aa kama umefungia vimulimuli humo. Mnaosubiri Idi, hifadhini post hii, mbinu ni ileile.

Najua wengi wenu mnawaza mapambo ya sebuleni. Mimi huwa nampelekea mama aliyejifungua. Ukinyonyesha saa nane za usiku huhitaji taa kubwa ya chumba kizima, inamwamsha mtoto, na baba naye anaanza kulalamika. Tochi ya simu nayo inachoma macho. Mwanga mdogo wa njano unatosha kuona kama mtoto ameshika ziwa vizuri, na wote mnarudi kulala haraka. Halafu umeme ukikatika, chupa yako haina habari. Na tofauti na mshumaa, LED haipati moto, kwa hiyo hata ukilala ukaisahau, chandarua chako kiko salama.

Sasa tuingie kazini.

Chagua chupa nyeupe inayopitisha mwanga, ya juisi au ya mvinyo. Ya kijani au kahawia inakubali pia, ila mwanga unakuwa mzito. Pitisha kidole taratibu kwenye mdomo wake, na kama umemeguka, hiyo weka pembeni, si ya nyumba yenye mtoto. Iloweke usiku mzima kwenye maji ya moto na sabuni, asubuhi karatasi yake itabanduka. Ile gundi inayobaki ikinata, paka mchanganyiko wa magadi soda na mafuta ya kupikia, iache nusu saa, kisha sugua. Ndani hakufikiki kwa mkono, kwa hiyo tia punje chache za mchele na maji ya sabuni, tikisa kama unatikisa kayamba, suuza. Halafu igeuze kichwa chini ikauke siku mbili kamili. Usiwe na haraka hapa. Ukifunga na unyevunyevu, kioo kitaweka ukungu kwa ndani na zawadi itaonekana ya zamani kabla haijafika.

Kupamba ni wewe tu. Kamba ya katani ukiizungusha shingoni inapendeza sana. Kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi nacho kinafaa. Watoto wa shule waachie kazi ya kuchagua rangi na kubandika, watajisikia wameshiriki zawadi ya bibi. Shanga waachie wakubwa tu. Kama kuna mdogo chini ya miaka mitatu, kaeni mezani, si kwenye mkeka, maana shanga moja ikidondoka yeye ndiye atakayeiona wa kwanza.

Mambo mawili naomba msiyajaribu. Lile la kukata chupa kwa uzi uliolowekwa spiriti au mafuta ya taa na kuwashwa moto, tuachieni hospitali zipumue. Na la kutoboa kitako cha chupa kwa drili kupitisha waya, hakuna haja. Vumbi la kioo si kitu cha kuvuta, na waya unaweza kutoka kwa mdomoni, ukashuka nyuma ya shingo chini ya ile kamba ya katani. Nani atauona?

Haya, sasa sogeeni karibu. Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Ukienda kununua vitaa vyenyewe utakuta aina mbili. Ya kwanza ina kizibo kama cha chupa ya mvinyo, na betri zimo ndani ya kizibo. Nzuri, nadhifu, inaziba mdomo wa chupa bila waya kuonekana. Ya pili ina kiboksi cha betri kinachobaki nje. Wengi wetu tunachukua ya kizibo. Mimi nakuomba uchukue ya kiboksi, na sababu ni hizo betri.

Ndani ya kizibo huwa kuna betri tatu za duara, kama vifungo vya shati, zile za saa. Mfuniko wake mara nyingi unafunguka kwa kucha. Na kizibo chenyewe kinachomoka, mtoto anakitia mdomoni, anakitafuna.

Niliwahi kumpokea mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitano. Mama yake alisema ana mafua: mate yanamtoka, anakohoa, chakula hataki, siku ya pili sasa. Ungekuwa wewe ungesema meno. Daktari akaomba picha ya eksirei. Kwenye njia ya chakula kulikuwa na duara jeupe, na kila mtu pale akawaza sarafu. Lakini tulipotazama vizuri, ndani ya duara kulikuwa na duara la pili. Sarafu haina mstari huo. Ile ilikuwa betri. Ilitolewa, mtoto akapona, lakini kwa wiki kadhaa alilishwa kwa mpira. Mama alikuwa akirudia jambo moja: "Mbona sikumwona akiimeza?" Hakuna anayewaona, mama zangu. Ni sekunde moja.

Watu wanadhani hatari ni betri kupasuka na kuvuja. Siyo hivyo. Betri ikikwama kooni, pande zake mbili zinagusa nyama yenye majimaji, umeme unaanza kupita, na pale inapogusa inatengenezwa kemikali kali inayounguza. Ndani ya saa 2 tu inaweza kuwa imeleta kidonda kibaya. Zile pana za milimita 20, za rimoti nyingi za gari, ndizo zinazokwama zaidi, ila hakuna ndogo ya kuidharau, hata ikiwa puani au sikioni. Na iliyokufa, ile isiyowasha tena taa, bado ina nguvu ya kumuunguza mtoto.

Kwa hiyo ukihisi tu kwamba kameza, hata kama anacheka na kukimbia:

Mpeleke hospitali yenye eksirei sasa hivi. Usisubiri kuiona kwenye choo.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, ugali wala ndizi ya "kuisukuma".

Kama ameshatimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Asali haitibu, inapunguza tu kasi ya kuungua. Usichelewe kuondoka kwa sababu unaitafuta. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku, inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwa mtoto mchanga.

Ukifika, usiseme "ana mafua". Sema wazi: "Nahisi amemeza betri." Sentensi hiyo inabadilisha foleni.

Kule Marekani walipitisha sheria mwaka 2022, inaitwa Reese's Law, kwa jina la mtoto wa Texas aliyefariki Desemba 2020 akiwa na miezi 18, baada ya kumeza betri ya rimoti. Sheria inataka sehemu ya betri za aina hii isifunguke kirahisi: iwe inahitaji kifaa kama bisibisi, au mkono ufanye vitendo viwili tofauti kwa wakati mmoja. Wewe huna haja ya kusubiri sheria. Ukiwa dukani, shika ile taa na ujaribu kuifungua kwa kucha. Ikifunguka, irudishe.

Tafuta yenye kiboksi cha betri za rimoti ya tivii, zile ndefu, na mfuniko wenye skrubu. Nazo si za kuchezea, ila si rahisi kuzama koo la mtoto bila mtu kushtuka. Kaza skrubu kwa bisibisi mwenyewe, funga kiboksi nyuma ya chupa kwa katani, halafu kiguse mara mbili uone kama kinacheza. Chupa ikae juu ya kabati, mbali na mikono midogo, kwa sababu kioo ni kioo.

Kuna raha moja ya zawadi ya mkono wako ambayo ya dukani haina: unajua kila kitu kilichomo ndani. Basi mwambie na anayeipokea. Mimi huwa nafunga kikaratasi shingoni: "Inatumia betri mbili za rimoti. Ukibadilisha, kaza skrubu. Iweke juu." Kinachukua dakika moja kuandika.

Na wewe ambaye tayari una ya kizibo nyumbani, usiitupe kwa hasira. Leo hii kabla ya kulala toa betri zake, zifunge kwa selotepu kila moja peke yake, uziweke mahali mtoto hafiki mpaka utakapozitupa. Nyuzi za taa zibaki pambo la mchana.

Mtumie post hii shangazi anayependa kununua vitu vinavyowakawaka. Sehemu ya 5 tutaongea kuhusu safari za mabasi na watoto wachanga. Nipeni picha za chupa zenu huko chini, nataka kuona vitenge.