Kiganja cha Udongo wa Ngitili

Mwalimu anapofundisha jambo lisiloonekana kwa macho, hushawishika kulithibitisha haraka kuliko ushahidi unavyoruhusu. Nami nilinaswa na mtego huo hapa Bariadi, nilipokuwa nikifundisha mikoriza, yaani ushirika wa kuvu na mizizi, uliopewa jina hilo na Mjerumani A. B. Frank mwaka 1885.

Somo lenyewe ni hili. Fosforasi hunata katika udongo, na mzizi humaliza upesi ile iliyo karibu nao. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, huifuata mbali zaidi. Kuvu huiunganisha iwe minyororo ya polifosfati, huiweka akiba ndani ya vifuko vya seli zake, huisafirisha hadi mzizini, na huko huivunja na kuupatia mmea. Mmea nao huilipa kuvu sukari.

Ili kuwaonyesha wanafunzi, tulijaza makopo udongo uliopikwa kwa mvuke, tukapanda mbegu za mgunga. Nusu ya makopo tuliyatilia kiganja cha udongo mbichi wa ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyahifadhi kwa ajili ya kiangazi. Nusu ya pili tuliyatilia udongo uleule, lakini uliopikwa. Baada ya majuma kadhaa, miche ya udongo mbichi iliipita mingine kwa urefu. Nikatangaza kwa furaha, "Hiyo ndiyo kazi ya kuvu!"

Mwanafunzi mmoja akasimama. "Mwalimu, mgunga una vifundo vya bakteria wanaoupatia nitrojeni. Je, hao hawakuingia pamoja na udongo mbichi?"

Nilimwambia aketi kwa kuwa kipindi kimekwisha. Hakikuwa kimekwisha.

Usiku ule sikupata raha. Kesho yake nilikiri mbele ya darasa kwamba swali lake lilikuwa la haki na jibu langu lilikuwa la woga. Nikamwomba apendekeze njia. Akasema tupande mtama, usio na vifundo hivyo. Tofauti ilionekana tena, ingawa ndogo. Daftarini tukaandika "huenda ni kuvu", maana udongo mbichi una viumbe wengi, na akiba ile ya fosforasi hatukuiona.

Walimu wenzangu, nimefundisha masomo mengi yaliyokwisha kwa "ndivyo". Hilo lililokwisha kwa "huenda" ndilo ambalo wanafunzi wangu huniuliza hadi leo.