Lango Bila Ngome

Kasumbalesa haina mto. Mtu aliyezoea mipaka ya maji hulitambua hilo mara moja. Mkataba wa Mei 12, 1894, kati ya Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, uliupitisha mpaka huu juu ya mgongo wa ardhi unaogawa maji: mvua inayonyesha upande wa Kongo huishia mto Kongo, na ya upande wa Zambia huteremka Kafue hadi Zambezi. Mgongo wenyewe huuoni. Unachoona ni vumbi jekundu, malori yaliyopangana hadi upeo wa macho, wabadilishaji pesa wenye mabunda ya faranga na kwacha, na kizuizi kinachotazamwa na kila mtu.

Nimekuja kwa gari la kuchangia kutoka Lubumbashi, kilomita 90 hivi za lami, tukalipia barabara njiani. Mimi ni mtu wa Mombasa, na masomo yaliwahi kunifikisha Uingereza, kwa hiyo penye mpaka natafuta ngome. Hapa hakuna. Hakuna mnara wala ukuta wa mawe. Ila kazi ya ngome inafanyika tangu alfajiri mpaka giza.

Kule Chepstow, kusini mwa Wales, ngome imekaa juu ya jabali, mto Wye ukipita chini yake na England ikiwa ng'ambo. William FitzOsbern alianza kuijenga mwaka 1067, mwaka mmoja tu baada ya Wanormani wenzake kuvuka bahari na kuivamia England. Wageni huonyeshwa unene wa kuta na matundu ya mishale, wakaondoka wakiwaza vita. Mimi nilivutiwa zaidi na habari za ushuru. Mabwana wa mpakani walikuwa na mahakama zao na mapato yao, na bandari ya Chepstow ilikuwa nje ya forodha ya mfalme. Mvinyo ulioshushwa hapo ulikwepa kodi iliyodaiwa Bristol, mwendo mfupi tu kwa mashua. Sheria za mwaka 1536 ndizo zilizoanza kuwafuta mabwana hao.

Kutoza, hata hivyo, hakukufutika. Daraja la Severn, lililofunguliwa jirani na mji huo mwaka 1966, lilitoza magari ada, na katika miaka yake ya mwisho ya kutoza lilidai yale yanayoingia Wales tu; kutoka ilikuwa bure. Ada ilikoma Desemba 2018. Leo ngome iko mikononi mwa idara ya mambo ya kale ya Wales, unalipa kiingilio, na milango yake ya mbao ya karne ya 12 imetolewa langoni ikawekwa ndani, isiharibiwe na mvua. Mlango ambao haufungwi wala haufunguliwi.

Kwetu Mombasa hadithi inafanana kuliko tunavyopenda kukiri. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, mdomoni mwa bandari, ili chombo kisipite bila kuonekana. Tukisimuliwa tunapewa kuzingirwa kwa 1696 hadi 1698, njaa, maradhi, na Waomani wakiingia. Ni kisa kikubwa, sikatai. Lakini tazama juu ya lango: kuna jiwe la maandishi la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika ngome mwaka 1635. Hajivunii kuta peke yake. Anajivunia wafalme wa pwani aliowalazimisha kulipa, na adhabu aliyowapa Pate na Siyu. Ile ni risiti iliyochongwa. Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, ikawa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia. Sasa shule zinaleta watoto, na meli zinazolipa zinapitia Kilindini, upande mwingine wa kisiwa.

Huku Katanga palikuwa na mtoza ushuru mkubwa kabla ya nguzo za mpaka. Msiri, aliyetoka Unyamwezi, aliketi Bunkeya akishika njia za shaba, chumvi, pembe na watumwa, misafara ikimletea bunduki kutoka pwani zote mbili. Aliuawa Desemba 20, 1891, na msafara wa Kapteni Stairs uliotumwa na Leopold, wapagazi wake wengi wakiwa wa Zanzibar. Boma lake lilikuwa la miti na udongo, halikuacha magofu ya kukatia tiketi. Watu wake, Wayeke, bado wana mwami wao, yaani mtemi, Bunkeya, na naona hilo limedumu vizuri kuliko mnara.

Kasumbalesa sasa. Chini ya turubai la mama anayepika bukari, yaani sima, na sombe, yaani kisamvu, nilikaa na dereva wa Tanga, aliyebeba shaba kwenda Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000. Wengine katika foleni hiyo hiyo wanaelekea Durban, Beira au Walvis Bay. Kongo ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba, na sehemu kubwa ya shaba hiyo inapita mlango huu; kutoka ng'ambo huja mafuta, salfa ya viwanda, na unga wa sima hiyo tunayokula.

“Mzee, hapa ukiwa na haraka utaugua,” aliniambia. Mizigo ina wakala wake, karatasi zina madirisha yake, na upande wa Zambia madirisha yanaanza upya. Agosti 2024 Kongo ilipokataza bia na soda za Zambia, Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache. Hakukuwa na risasi. Kizuizi kilishushwa tu, na pande zote mbili zikakaa mezani upesi, kwa sababu kila saa ya kufunga ilikuwa na bei yake. Kapteni wa Mombasa angeelewa bila mkalimani.

Nilimuuliza kama reli ya Lobito, kule Angola, itawapunguzia kazi, maana shaba ya Kolwezi sasa inaweza kuelekea Atlantiki bila kufika hapa. Akafikiri huku akiosha vidole kwenye bakuli.

“Ya Kolwezi labda,” akasema. “Ya Lubumbashi itapita wapi?” Kisha akamdai mama chenji yake, kwa kwacha, kwa kuwa faranga ng'ambo hazimsaidii.