Nyumba ya mama ilitugombanisha

Kuna vitu viwili vinavyogombanisha wanandoa upesi: pesa na wakwe. Ukitaka kuvikutanisha vyote, anzisha ujenzi kijijini.

Mume wangu alitaka tubomoe nyumba ya mama yangu pale Turiani, tusimamishe ya tofali za saruji. Nia yake nzuri kabisa. "Watu watasema mtoto ana kazi mjini, mama yake analala kwenye udongo," aliniambia. Mimi nikawa nasita. Nyumba ile ni ya fito na udongo, bati juu, na kila masika yakiisha mama huisiriba upya kwa mikono yake: udongo mwekundu ukutani, mweupe kuzunguka madirisha. Kibaraza kakijenga mwenyewe, kimo cha kukaa na kumpakata mjukuu. Lakini ukweli nao usemwe: mvua za milima ya Nguru hazina mchezo, na ukuta wa nyuma ulishaanza kumegeka chini.

Kilichonipa maneno ni nyumba moja ya Kenya, African Heritage House, inayotazamana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mwenyewe alikuwa Alan Donovan, msanii na mkusanyaji wa sanaa, Mmarekani wa Colorado aliyeingia Kenya mwaka 1970. Colorado inapakana na New Mexico, ambako nyumba za udongo zenye paa bapa ni fahari ya watu. Huko mchoraji Georgia O'Keeffe alinunua gofu la namna hiyo mwaka 1945, kijijini Abiquiú, likakarabatiwa mpaka akahamia 1949. Donovan yeye mfano wake aliuchukua hapahapa Afrika, kwenye majengo ya udongo ya Mali na majirani zake. Ndani akajaza vinyago, vitambaa na shanga za bara zima. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipopangwa, nyumba ilikaribia kubomolewa, lakini mwaka 2016 ikatangazwa kuwa urithi wa taifa. Donovan alifariki Desemba 2021, ila ukiitazama bado unamwona.

Nikamwambia mume wangu: kule Djenné, Mali, Msikiti Mkuu uliojengwa upya mwaka 1907 ni wa udongo, na bado umesimama, kwa kuwa kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika. Mama yangu anafanya kazi hiyohiyo, tena peke yake. Sasa tumbomolee au tumsaidie?

Akanyamaza. Halafu akasema, "Basi tumuulize mwenye nyumba."

Mama alimsikiliza mkwewe mpaka mwisho. "Baba, mimi tofali sijazikataa," alisema. "Choo na jiko nijengeeni za saruji. Chumba changu na kibaraza niachieni."

Ndivyo tulivyofanya. Ukuta wa nyuma tuliujenga upya juu ya msingi wa mawe, paa likaongezwa upenu ili maji yaangukie mbali. Na aliyekanyaga udongo ni mume wangu, suruali imekunjwa hadi magotini, mama akimwelekeza pa kuongeza maji.

Nyie mnaojiandaa kuwajengea wazazi, mmewauliza wanataka kuishi vipi? Waulizeni kabla fundi hajaleta makadirio.