Kabula, Jina la Mvua

Nchi ya Igunga iko upande wa mashariki wa mkoa wa Tabora, panapopakana na Singida na Shinyanga. Ni nchi ya mbuga pana na vichaka vya miiba. Mvua huanza mwezi wa Novemba, na mwezi wa Aprili ukiisha nayo huwa karibu kwisha. Baada ya hapo mito mingi huwa mchanga mtupu, na udongo mweusi wa mbuga hupasuka nyufa pana. Mtama, pamba, mpunga wa majaruba na malisho ya ng'ombe, vyote hungoja wingu. Msomaji ambaye kwao ni Bukoba au Rungwe, ambako mvua si adimu, huenda asifahamu upesi kwa nini watu wa Igunga humpa binti yao jina la mvua.

Jina hilo ni Kabula. Kwa Kinyamwezi na Kisukuma, mvua huitwa mbula. Mtoto wa kiume azaliwaye wakati wa mvua huitwa Mabula, na wa kike huitwa Kabula. Wala mtu wa pwani asilione neno hili kuwa geni, maana mbula na mvua ni ndugu wa tumbo moja. Wachewa wa Malawi husema mvula, na Wazulu wa Afrika ya Kusini husema imvula. Katika nchi ya Kenya, binti wa Kikamba aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Mumbua, wa Kijaluo huitwa Akoth, na wa Kikalenjin huitwa Cherop. Majina haya mawili ya mwisho hayana udugu na mbula hata kidogo, lakini wazo lililoyazaa ni lile lile.

Zamani, kabla watu hawajajua kuandika tarehe, jina lilikuwa ndicho cheti cha kuzaliwa. Aliyezaliwa wakati wa njaa aliitwa Nyanzala, kwa kuwa njaa ni nzala. Na aliyezaliwa nzige walipoishambulia nchi aliitwa Nyanjige. Nzige hao waliingia Tanganyika kwa wingi katika miaka ya 1930, wakala mashamba. Basi mtu akisikia jina, alijua mambo yaliyowapata wazazi. Kweli, Kabula ni cheti chenye upungufu, kwa sababu mvua huja kila mwaka, na ilibidi wazee waongeze, 'Ni mvua ile iliyofuata ukame fulani.' Jina la Nyanzala halikuhitaji maelezo. Wako watoto wanaomcheka mwenzao kwa jina hilo, nao hawajui wanalolicheka: lasema kwamba katika mwaka ule wengine walikufa, naye akaishi.

Mvua ilikuwa pia jambo la utawala. Mtemi wa Unyamwezi alihesabiwa kuwa mwenye mvua ya nchi. Watu walimletea vitu vya matambiko, naye akiwa na waganga wake alitazamiwa kuileta. Ikikosekana miaka mfululizo, aliweza kuondolewa katika kiti. Hata Mirambo, mtawala wa Urambo aliyetisha njia yote ya misafara hadi alipokufa mwaka 1884, jina lake la kwanza lilikuwa Mbula. Mirambo ni jina la vita, maana yake ni mizoga. Mtu huyo mmoja, basi, aliitwa kwanza kwa kitu kiletacho uhai, kisha kwa mauti.

Misafara ile ilileta Tabora majina ya pwani, kama Zaituni na Mwanaisha. Baadaye wamisionari walileta Maria na Elizabeti, na reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, ikaleta watu wa kila namna na majina yao. Mabinti wengi wakawa na majina mawili, moja la ubatizo au la Kiislamu katika daftari la shule, na jingine la kuitiwa nyumbani jioni. Utemi wenyewe uliondolewa na serikali mwaka 1963. Kabula halikuondoka. Kwa kuwa Wasukuma na Wanyamwezi ni wengi, nao wamesambaa kila mahali kwa biashara, kilimo na kazi, jina hili lasikika Mwanza, Dar es Salaam na hata katika nchi za ng'ambo.

Lakini kuna badiliko moja. Watoto wengi hurithi majina ya bibi zao, nao huzaliwa mwezi wowote. Kwa hiyo aweza kuwapo Kabula aliyezaliwa mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi, vumbi likiruka na visima vikiwa vimepungua. Mgeni akiuliza, 'Je, ilinyesha siku hiyo?' huambiwa kwamba haikunyesha. Aliyezaliwa katika mvua ni bibi yake.