Shahidi Aliye Topeni

Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunayo kesi moja ya zamani ambayo hukumu yake kila mtu anaijua. Uliza ni nani aliyeliharibu Ziwa Victoria, na mvuvi, mchuuzi wa samaki, hata mtoto wa shule atakujibu: sangara. Samaki huyo alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka mno miaka ya 1980, akawala furu wetu, na maji hayakuwa tena yale tuliyoyajua. Hukumu hiyo ni tamu, kwani mshitakiwa, ingawa ana mdomo mkubwa, hawezi kujitetea, nasi wengine tunatoka mahakamani tukiwa safi.

Nilifundisha sayansi na jiografia kwa miaka mingi, nikastaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Sasa nina miaka sabini na ushei, na naona yafaa nimwite shahidi ambaye wengi hawajamsikiliza. Shahidi huyo ni diatomu.

Diatomu ni mwani mdogo mno wa seli moja, usioonekana bila hadubini. Una gamba la silika, yaani kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo. Gamba hilo ni vipande viwili vinavyofunikana kama kisanduku na kifuniko chake, na kila aina ina nakshi yake. Mwani ukifa, mwili huoza, lakini gamba huzama likalala topeni. Tope nalo hujilimbikiza mwaka hadi mwaka, la zamani chini na jipya juu, mfano wa rejesta za mahudhurio zilizopangwa kabatini.

Wataalamu hushusha bomba hadi sakafu ya ziwa, wakainua nguzo ya tope na kuikata vipande. Umri wa vipande hukadiriwa kwa kupima aina ya risasi yenye mnururisho, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 22 hivi. Kisha tope husafishwa kwa tindikali ili yabaki magamba, nayo huhesabiwa moja moja. Kwa kuwa aina fulani hupenda maji safi na nyingine hustahimili maji machafu, hesabu hiyo hueleza maji ya wakati ule yalikuwaje. Hata kijito huweza kupimwa hivyo, kwa kukwangua utelezi ulio juu ya mawe yake.

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa tope la Ziwa Victoria. Yalionyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba katika nchi zinazolizunguka ziwa. Sangara alikuwa bado hajafika. Udongo uliokosa miti ulichukuliwa na mvua, na vumbi na moshi wa kuchoma mapori vikashuka juu ya maji, vyote vikibeba fosforasi, ambayo ni mbolea kwa mwani. Diatomu zikazaana, zikafa, na magamba yao yakaizika silika upesi kuliko mito ilivyoweza kuirudisha. Zile zenye magamba mazito, ziitwazo Aulacoseira, zikapungua. Zikashika nafasi Nitzschia nyembamba, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ukatawala mwani wa kijani-buluu, usiohitaji silika. Uozo wa mwani ulikuwa umeanza kumaliza oksijeni ya kilindini tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na huenda baadhi ya furu walikosa pa kukaa kabla hawajakutana na meno ya sangara.

Shahidi hamwachii sangara huru. Alikula furu, hilo halina ubishi. Ila anatuambia kwamba kizimbani kuna nafasi nyingine, nayo ni yetu. Nyani haoni kundule.

Neno hili kwangu si jepesi. Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba Usukumani. Katika miaka ya 1950 mapori yalifyekwa ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya kanda yetu viliunda shirikisho lao. Tuliona ni maendeleo, na yalikuwa maendeleo. Pamba ndiyo iliyonisomesha. Siwezi kumlaumu mzee yule kwa kushika jembe ili mwanawe ashike chaki, wala siwezi kusema kwamba udongo wa shamba lake haukufika ziwani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Karibu na nyumbani kwangu bustani za nyanya zinagusa maji ya kijito. Wenye bustani ni vijana wenye watoto shuleni, kama alivyokuwa baba yangu. Kuwafukuza ni rahisi kutamka. Mimi huwaomba kwanza waache matete ya ukingoni yasimame na walime matuta ya kukinga mteremko, ili udongo ubaki shambani, kisha tuzungumze habari ya hizo mita 60. Wawili wamekubali. Wengine wananijibu, "Mzee, ziwa limeharibiwa na sangara."